Barua Zinazopanda Pikipiki

Darasa langu la sita lilikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa, nacho kilikaa mezani kwangu. Wanafunzi walikuwa sitini na kitu. Elimu ya msingi bila malipo iliandikwa katika Katiba ya Kongo ya 2006, lakini ilipoanza kutekelezwa kweli, Septemba 2019, benchi la watoto watatu likawa la watano. Nilikuwa nasoma, wao wanaitikia. Naandika ubaoni, wao wananakili. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi mwenyewe hapa Masisi, na ndivyo nilivyofundisha kwa miaka, mingi kati ya hiyo bila mshahara, maana nilikuwa miongoni mwa wale tunaoitwa N.U., walimu wanaoonekana darasani lakini hawaonekani kwenye orodha ya malipo. Tuliishi kwa shamba na kwa maharagwe ya wazazi. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nataka tu msomaji ajue simu niliyoileta darasani baadaye ilikuta nini.

Huku kwetu ushuhuda hutolewa kanisani. Mtu husimama, husema "Bwana asifiwe", kisha hueleza alivyokuwa na alivyo sasa, na katikati lazima iwepo siku moja ambayo mambo yote yaligeuka. Mimi siku hiyo sina. Kilichonibadilisha kilikuja polepole, na hata hakikuanza na simu. Kilianza na redio.

Machi 2020 shule zote za nchi zilifungwa kwa sababu ya korona. Radio Okapi ikaanza kurusha masomo, kipindi kikiitwa Okapi École. Katika mtaa wetu redio yenye betri nzima ilikuwa moja kwa nyumba nne au tano, na betri zenyewe zilianikwa juani asubuhi ili zipate pumzi kidogo. Watoto walikaa uani kwa jirani yangu wakasikiliza. Somo likiisha, mwenye redio aliizima papo hapo. Nilidhani watoto watatawanyika. Walibaki palepale wakibishana.

Msichana mmoja ambaye darasani sikuwahi kuisikia sauti yake peke yake, ila ndani ya kuitikia kwa wote, alichukua kiazi akawa anawakatia wenzake nusu, robo, thumni, huku akieleza. Alikosea, mvulana mmoja akamrudisha, akabisha, wakakata kiazi kingine. Nilisimama nyuma ya uzio wa matete na ndoo ya maji mkononi, nikasikiliza hadi vidole vikafa ganzi. Redio iliwapa jambo la kubishania, halafu ikanyamaza. Mimi darasani sikuwa nanyamaza.

Niliposoma humanités pédagogiques, sekondari ya ualimu, tulikariri majina ya wakubwa wa elimu: Decroly, Montessori, Freinet. Freinet nilimjibu vizuri kwenye mtihani. Alikuwa mwalimu Mfaransa aliyerudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na mapafu yaliyojeruhiwa, hawezi kuongea kwa muda mrefu mbele ya darasa. Miaka ya 1920, kule Bar-sur-Loup, akaleta darasani mashine ndogo ya kuchapia, watoto wakapanga herufi na kuchapa maneno yao wenyewe, wakabadilishana barua na watoto wa shule ya Trégunc, pembe nyingine kabisa ya Ufaransa. Nilipata alama zangu nikamsahau. Alinirudia nyuma ya ule uzio. Watu humkumbuka kwa mashine yake. Mimi nilianza kuyafikiria mapafu: mtu aliyekosa pumzi ya kuhutubia, akalazimika kuwaachia watoto neno.

Shule zilipofunguliwa kwa madarasa yote, Oktoba mwaka huohuo, nilikuwa na simu niliyoinunua kwa pesa ya viazi, kioo chake kimepasuka kona moja, lakini kinasa sauti kizima. Nilikuwa pia na ndugu niliyesoma naye, anayefundisha darasa la sita Walikale, upande wa Kibua. Ananiita yaya, yaani mkubwa wake, kwa kuwa nilimtangulia mwaka mmoja. Nilipanda kilima kutafuta rezo nikampigia, nikamweleza: watoto wangu wanase barua kwa sauti, nikutumie, wako wajibu. Akacheka.

"Yaya, uniti za kutuma sauti utatoa wapi? Mimi hata mega za kusoma ujumbe wako sina."

Hapo ndipo kadi ya memori ilipoingia. Ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, haihitaji rezo, haihitaji uniti, na inaingia ndani ya kichupa cha dawa. Kichupa kinaingia mfukoni mwa motari, dereva wa pikipiki, anayeteremka njia ya Nyabiondo hadi Kashebere, anampa mwenzake anayeendelea, au mama anayerudi kutoka sokoni alikouza mawese. Mara inafika ndani ya wiki, mara inachukua mwezi. Walikale ni pana, zaidi ya kilomita za mraba elfu 23, karibu mara tano ya Masisi, na mvua ikinyesha barabara hugeuka mto wa tope. Wapo walioniambia ningesubiri mtandao ufike. Nimekuja kuamini kwamba polepole ile ilitusaidia. Swali likikaa njiani wiki mbili, watoto nao hukaa nalo wiki mbili. WhatsApp ingetufanya tujibu kabla ya kufikiri, jambo ambalo watu wazima tunalifanya kila siku.

Unasaji wa kwanza ulikuwa kelele tupu. Wavulana wakubwa waliishika simu kama nyara, kila mmoja akapiga kelele jina lake, na wasichana wakabaki pembeni wakiinua shingo. Nilitaka kuingilia. Yule msichana wa kiazi akanitangulia: "Anayeshika simu asiongee." Ikawa sheria, na hadi leo sioni sheria bora zaidi ya darasa lenye kifaa kimoja. Ukitaka kushika, nyamaza. Ukitaka kusema, iache mikononi mwa mwenzako. Kila kikundi kikawa na mshika simu, msemaji, mwandishi anayeandika kwanza kwenye daftari kitakachosemwa, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza "una hakika?" Kazi ya huyo wa mwisho walipeana kwa zamu, maana kila mtoto aliitaka kazi ya kumsumbua mwenzake kwa ruhusa ya mwalimu. Alhamisi ikawa siku ya kadi. Tuliitoa laini kwenye simu, tukaiunganisha simu na bafle, spika ndogo ya mwenye duka, na darasa zima likasikiliza.

Barua ya kwanza kutoka Walikale ilikuwa na salamu nyingi na swali moja. Mtoto wa kule aliuliza hivi, kwa Kiswahili chake cha msituni kinachovuta maneno: "Maji ya mto wetu yanatoka kwenu. Kwa nini mvua ikinyesha kwenu, yanatufikia mekundu?"

Hakuna aliyejua. Mimi nilijua kutoka kitabuni kwamba mto Lowa huanza katika milima yetu ya Masisi, hushuka kupita Walikale na kwenda kumwagika katika Lualaba. Nilikuwa nimelifundisha hilo mara nyingi kwa mstari wa chaki. Wala haikuwahi kunipitia kichwani kwamba mwisho wa mstari ule kuna mtu anachota maji. Nikawaambia watoto sina jibu, wakalitafute.

Wiki zile zilikuwa na kelele kuliko zote nilizowahi kufundisha. Kundi moja lilisema wekundu ni udongo wa mashamba yanayolimwa kwenye miteremko mikali. Kundi lingine, lenye watoto wa wafugaji, likakataa kusikia habari ya njia za ng'ombe, likasema ni wachimbaji. Watoto ambao kaka zao ni wachimbaji wakasema ni wakata miti wa makala. Kila kundi lilimtetea baba yake. Nikawapeleka nyuma ya shule, mahali penye vipande viwili vya mteremko, kimoja kina nyasi na kingine kimelimwa, wakamwaga ndoo ya maji juu ya kila kimoja na kuangalia kinachofika chini. Walinasa hata sauti ya maji. Wazee waliulizwa mto ulikuwa na rangi gani enzi za ujana wao, na wazee, kama kawaida yao, hawakukubaliana.

Jibu lililokwenda Walikale lilikuwa refu na lilikuwa na aibu kidogo ndani yake. Walisema udongo ni wao, unatoka mashambani, kwenye njia za mifugo, kwenye mashimo na palipokatwa miti, na kwamba hawajui sehemu gani ni kubwa zaidi. Mwandishi wa kundi aliandika "hatujui" kwa Kifaransa na Kiswahili, akapigia mstari. Katika shule ya Kongo mtoto kusema hajui ni kukaribisha fimbo. Niliuacha mstari ule ulivyo.

Kwa wazazi haikuwa rahisi. Katika mkutano wa kamati, baba mmoja alisimama na kusema simu inaharibu watoto: leo sauti, kesho picha za uchi. Alikuwa na haki ya kuogopa, na sikumjibu kwa hotuba. Tulikubaliana simu ilale kwa direkta, isiwe na laini darasani, na mzazi yeyote aruhusiwe kuja Alhamisi kukaa nyuma na kusikiliza. Walikuja akina mama kwanza. Kisha wakaja akina baba, wakajifanya wamepita tu.

Hofu kubwa zaidi ilikuwa nyingine, na mtu wa mbali anaweza asiielewe. Huku simu ni kitu cha hatari. Kwenye barieri za barabarani hufunguliwa, picha hutazamwa, sauti husikilizwa, na sauti ya mtoto anayetaja njia, daraja na kijiji inaweza kueleweka vibaya na mtu mwenye bunduki aliyelala njaa. Watoto walilijua hilo kuliko mimi. Walitunga amri zao: hakuna jina la mtu, hakuna jina la kijiji, hakuna habari ya njia, hakuna habari ya watu wenye silaha. Motari naye ana haki ya kusikiliza kila kitu kabla hajakubali kubeba, na akikataa kimoja, kinafutwa. Mmoja wao alisikiliza kadi nzima akiwa ameegemea pikipiki yake, akasema angependa kujua jibu la mto mwekundu likifika.

Kwa kuwa majina yalikatazwa, watoto wakajitambulisha kwa vitu. Akawepo Yule wa Mbuzi Watatu, Msichana wa Daraja, Mtoto wa Fundi Cherehani, na kutoka Walikale mmoja aliyejiita Ninayeogopa Mamba, ambaye wanafunzi wangu walimpenda kuliko wote. Jambo lililoanza kwa woga likaleta faida ambayo sikuitarajia. Katika Masisi jina la mtu hukwambia kabila lake kabla hajamaliza kusalimia. Darasani kwangu walikaa Wahunde, Wahutu, Watutsi, na wachache wa kutoka Walikale waliokimbia huku, na bila mtu kuwaamuru walikuwa wanachagua benchi kwa lugha ya nyumbani. Wazazi wao wanakumbuka Machi 1993, mauaji yaliyoanzia kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakapanda hadi Masisi. Watoto hawakuwepo, lakini wamerithi nani akae karibu na nani.

Mwanzoni, kila sauti ilipomalizika, swali la kwanza lilikuwa "huyu ni wa wapi?", na kila mtu alijua maana yake. Nilijibu kwamba sijui, na kweli sikujua, kwa sababu mimi na mwenzangu wa Kibua tulikuwa tumekatazana kuambiana. Swali lile halikufa. Lilipungua tu, jinsi maswali mengine yalivyozidi kuwa mengi. Na vikundi vya kunasa havikuweza kupangwa kwa lugha ya nyumbani, maana kila kundi lilihitaji mtu wa kuhoji bibi wa Kihunde na mtu wa kuhoji mzee wa Kinyarwanda. Mtoto aliyekuwa haelewi Kiswahili vizuri akawa na thamani ghafla. Alikuwa mlango wa nyumba ambayo wengine hawakuweza kuingia.

Kadi zilianza kuja zimejaa. Mwaka 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei na watu wa Goma kukimbilia Sake na milima yetu, Walikale waliuliza mlima unawezaje kuwaka moto na huku juu yake kunanyesha. Wakati huo mpwa wangu anayesoma Goma alikuwa ameniwekea Kiwix, programu iliyoanza mwaka 2007 ili mtu aweze kubeba Wikipedia nzima bila mtandao, na ndani yake Wikipedia ya Kiswahili. Watoto walisoma juu ya volkano hadi betri ikaisha. Kisha wakatafuta vijiji vyao. Havikuwemo. Walikasirika vizuri, hasira ya mtu aliyekuta daftari la mahudhurio limemruka.

Kadi ninayoikumbuka zaidi ilileta sauti ya mzee. Babu wa mmoja wa wanafunzi wa Walikale, Mnyanga, alikuwa ameombwa asimulie Mwindo, shujaa wa kabila lake. Mzee alisimulia kwa Kinyanga, anaimba, anatikisa kibuyu, na kila akipumua mjukuu anaingiza Kiswahili harakaharaka kabla babu hajaendelea. Darasa langu halikutikisika. Nikawasimulia jambo nililolijua: mwaka 1956 mtafiti Mbelgiji, Daniel Biebuyck, alikaa na msimulizi wa Kinyanga aliyeitwa Shé-kárisi Rureke, na kwa siku 12 masimulizi yake yakaandikwa kwa mkono, neno kwa neno, msimulizi akiimba na kucheza hadi akachoka, na kitabu kilichotokana na kazi hiyo, alichokitayarisha pamoja na mwanaisimu wa Kinyanga, Kahombo Mateene, kilitoka California mwaka 1969. Mvulana wa nyuma akauliza kitabu hicho kinapatikana wapi hapa Masisi. Nikamwambia hakipatikani. Akasema, "Basi sisi tumempata babu mwenyewe."

Babu aliikatiza hadithi katikati. Mjukuu akatueleza sharti: hataendelea hadi watoto wa milimani wamletee yao. Walikimbia kutafuta bibi. Kadi iliyorudi ilikuwa na hadithi ya Kihunde na nyingine ya Kinyarwanda, na walibishana siku nzima ipi itangulie, hadi Mtoto wa Fundi Cherehani akasema zipangwe kwa urefu. Babu alitimiza ahadi.

Kuna somo moja ambalo sikulipanga. Fundi wa simu wa Sake alinipa mzoga wa simu iliyokufa, nikaufungua mbele ya darasa kwa kisu kidogo. Nilitaka tu waone kilichomo. Mvulana ambaye kaka yake anachimba Rubaya akauliza jiwe la kaka yake liko wapi humo ndani. Nikamwonyesha vidude vidogo vilivyogandishwa juu ya bamba, vinavyoitwa kapasita, vingine hutengenezwa kwa tantali inayotoka kwenye koltani. Rubaya iko Masisi. Umoja wa Mataifa umekadiria kuwa hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Na ile metali inayong'aa kama fedha inayovigandisha ni bati. Mgodi wa Bisie, Walikale, hutoa karibu asilimia 6 ya bati la dunia. Kwa hiyo simu iliyokuwa mbele yetu huenda ilibeba vya kwetu na vya wale tunaoandikiana nao. Mvulana akataka kujua ni jiwe kiasi gani. Kidogo kuliko punje ya mtama, nikamwambia. Alikaa kimya, halafu akaomba zamu ya kusema, akawauliza Walikale kama kwao pia jiwe hubebwa mgongoni.

Jibu lilikuja na sauti ya baba wa mwanafunzi. Zamani, kabla ya mitambo mikubwa kufika Bisie, walibeba magunia ya kilo 50 kupita msituni hadi Njingala, na ndege zilitua katikati ya barabara, pale Kilambo, zikapakia na kuondoka. Alieleza kuhusu mabega. Hakueleza kuhusu pesa. Watoto waliisikiliza sauti ile mara mbili, na sikuongeza neno, kwa sababu sikuwa na neno lililoizidi.

Wakaguzi hupenda kuuliza matokeo. Siwezi kusema wanafunzi wangu walifaulu ENAFEP, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, zaidi kwa sababu ya kadi ya memori. Mtihani ule hauulizi Lowa ina rangi gani, na katika darasa ambalo robo ya watoto huja na kuondoka kwa vita, hesabu ya asilimia haimwambii mtu ukweli. Ninachoweza kushuhudia ni nani anaongea. Zamani, ukipita nje ya darasa langu ungesikia sauti yangu na mwangwi wake. Sasa ungesikia watoto wakiulizana kama wana hakika, na mara nyingine ungenitafuta kwa macho usinione, kwa kuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma. Mwalimu mwenzangu mmoja alinisuta kwamba nalipwa kwa kukaa. Nilimkumbusha kwamba wakati ule sikuwa nalipwa kabisa.

Wala sitaki kuisifu simu kupita kiasi. Nimeona shule iliyopewa vifaa vingi, kila mtoto amekaza macho kwenye kioo chake, mwalimu anatembea katikati kama mlinzi, na kimya kile hakikuwa cha kusikiliza. Ubao wa chaki unaweza kukusanya watoto, na tableti inaweza kuwatenga. Mimi naangalia jambo moja tu: kifaa kikizimwa, nini kinabaki?

Nililipata jibu kwa njia ambayo nisingeichagua. Januari 2025 mapigano yalifika Masisi-centre, na Machi yakafika Walikale-centre. Darasa langu lilisambaa. Simu niliificha, kisha nikaiuza ili tule. Kwa miezi sikujua nusu ya wanafunzi wangu wako wapi. Nilipoanza kupata habari, moja ilitoka kwa mama aliyekuwa amekimbilia kwa ndugu zake ng'ambo ya milima. Alilalamika, nusu akicheka, kwamba binti yake na msichana mwingine wamewakusanya watoto wa uani kila Alhamisi. Hawana simu, hawana kadi. Mmoja hushika kibiriti kitupu, na anayekishika haruhusiwi kuongea. Mwingine kazi yake ni kuuliza "una hakika?", na mama yule alichoka kuulizwa kama ana hakika kwamba ugali umeiva.

Shule yetu imefunguliwa tena, na watoto ni wengi kuliko mabenchi. Mwenzangu wa Kibua yuko salama na kadi imeanza kutembea, ingawa motari wa zamani amehama na wa sasa anaogopa zaidi. Hivi karibuni alikuja mgeni wa shirika moja kuniuliza darasa langu linahitaji tableti ngapi. Nikamwambia kumi zinatosha, moja kwa kila kundi, nazo ziwe na mahali pa kadi ya memori, betri ambayo fundi wa Sake anaweza kuibadilisha, paneli ndogo ya jua, na zisidai mtandao kila zinapowashwa. Akashangaa: wanafunzi sitini, tableti kumi? Nikamweleza habari ya anayeshika simu asiongee, na ya mto, na ya babu. Alisikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akainama kwenye karatasi yake akaandika sitini.